Sauti ya Chuma Kizima

Mama yangu hakununua chungu bila kukigonga. Sokoni Tanga alikishika ukingoni kwa mkono wa kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi, akatega sikio. Kikilia, bei inazungumzwa. Kikikoroma, alikirudisha chini taratibu bila kusema neno, maana mwuzaji naye alikuwa amesikia.

Sikuwaza kwamba kitendo kile kingenirudia huku Wisconsin, Marekani, ndani ya banda la jirani yangu, mzee mstaafu, mbele ya trekta la bustani lililonizidi umri.

Ni John Deere 110. Aina hiyo ilitoka mwaka 1963, ikitengenezwa Horicon, mji wa jimbo hilihili, na ya kwanza ilikuja na injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7. Ukitaka historia zaidi ya hapo muulize mwenyewe, utapewa na kahawa. Injini ya trekta lake haina neno. Kilichokuwa kinakufa ni tumbo, lile gamba pana la chuma linalofunika visu vya kukatia nyasi. Wenyewe huliita deki. Nilimweleza kwamba kwetu deki hupigwa kwa tambara na maji; akacheka, akasema hii ya kwake ni maji hayohayo yaliyoiua.

Si maji ya mvua hasa. Ukoka ukikatwa na umande wake hurushwa juu, ukagandamana ndani ya gamba tabaka juu ya tabaka, ukakaa na unyevu wiki nzima. Rangi inachubuka, kutu inaingia, na kwa kuwa hakuna anayeinama kutazama huko chini, chuma kinaliwa polepole miaka kumi, ishirini. Juu kijani bado kinang'aa.

Alilifungua gamba, akalipindua juu ya magogo mawili, akakwangua. Harufu ya nyasi zilizooza ikajaa banda. Kisha akachukua nyundo ndogo, akaanza kugonga kutoka ukingoni kuelekea katikati, kidole kwa kidole. Nge. Nge. Nge. Pu. Akasimama, akarudi nyuma: nge. Akasonga mbele: pu. Akatia alama ya chaki. Alipokwisha kulizungushia doa zima, akafanya jambo nisilolitarajia: aliifuta chaki yote, akaichora upya, upana wa dole gumba nje zaidi. "Kutu haikuonyeshi mpaka wake," alisema.

Nilitamani mama angekuwepo. Wangeelewana bila mkalimani.

Kiraka alikikata kwanza kwenye boksi tupu la nafaka, akakijaribisha, akakipunguza, ndipo akahamia kwenye bati la milimita 3. Wala hakuchomelea mstari mrefu wa kujionyesha. Alipiga nukta hapa, akaruka ng'ambo akapiga nyingine, akangoja zipoe, kama fundi cherehani anayepiga bandi kabla ya kushona, kwa sababu joto likijikusanya mahali pamoja gamba hupinda, na visu havikai sawa tena. Kibanio cha waya wa kurudishia umeme alikibana kwenye chuma kitupu, kando kabisa ya kiraka. Mvivu hukibana popote; umeme ukikatiza kwenye beringi huziunguza gololi vidoadoa, na haupiti muda zinaanza kulia.

Visu alivinoa kwa tupa. Kisha kila kimoja alikitundika, kwa tundu lake la katikati, kwenye msumari uliopigiliwa ukutani. Upande mmoja ukashuka. Akaupitisha tupa mara tatu, akatundika. Ukashuka tena, kidogo. Kisu kimoja alikitundika mara tisa, nilihesabu, mpaka kikatulia kama mzani wa sonara. Anajua anachochezea. Kiwango cha usalama kinachofuatwa Marekani hakiruhusu ncha ya kisu ipite futi 19,000 kwa dakika, na hizo ni karibu kilomita 350 kwa saa. Kwa kasi hiyo kisu kilichoelemea upande kinaua beringi zake, na jiwe likiokotwa na kisu, kinachosimama kati yake na mguu wa mtu ni lile gamba, pamoja na kiraka chake.

Mwaka juzi nilipeleka trekta langu, la kisasa, kwa wakala mmoja. Kijana hakuinama hata kulichungulia. Alisoma namba kwenye kompyuta, akaniambia gamba halitengenezwi, hubadilishwa, na bei aliyotaja ilinifanya nikae kwenye kiti. Simlaumu sana, hakuna aliyewahi kumpa nyundo. Najilaumu mimi. Nililiacha palepale, nikanunua jingine, mimi mtoto wa mwanamke aliyegonga vyungu. Hili jipya nalo bati lake ni jembamba kiasi kwamba ukiliegemea linanesa.

Mzee ana wajukuu wanne. Nilimuuliza ni yupi anayejifunza kazi hii. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akatazama nje kwenye ukoka kwa muda, kisha akasema mmoja wao hupenda kuendesha.

Kama unalo trekta la zamani bandani, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu kabla hujalipindua na kulikwangua. Nyundo ndogo inatosha kuanzia.