Rangi Inayongojewa

Kwetu mjusi wa ukutani anaitwa mjusi kafiri. Masimulizi yanamtuhumu kwamba aliupuliza moto uliowashwa kumchoma Nabii Ibrahim, na watoto wengi wa pwani wamekua wakimfukuza kwa fagio na kandambili. Aliyelelewa hivyo akisikia kwamba wako watu wanaokesha wakilinda mayai ya mijusi ili wapate rangi adimu, hudhani ni mchezo wa wenye mali. Mimi nauona ni ufundi, tena ufundi wa kuheshimiwa.

Anayesifika zaidi kwa rangi ni mjusi mwenye madoa kama ya chui, ambaye kwao ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Hapandi kuta kama huyu wetu, kwa kuwa nyayo zake hazinati. Ana kope zinazofumba, na mkia mnene unaomwekea mafuta ya siku za njaa. Kwa asili ni wa manjano mwenye madoa meusi. Mikononi mwa wafugaji, hasa wa Marekani na Ulaya, wamepatikana weupe wasio na doa, wa rangi ya chungwa, na wenye macho meusi tii.

Mfugaji haumbi rangi. Huingojea ijitokeze, kisha akaitunza. Jike hutaga mayai mawili kwa mkupuo, nayo hukaa kwa wiki nyingi kwenye mashine ya kutotolea. Joto la mashine ndilo linaloamua jinsia: nyuzi 26 hutoa majike karibu watupu, nyuzi 32 na nusu hutoa madume wengi, na likifika 34 majike huwa wengi tena. Anayelinda mayai hayo analinda mizani ya kizazi kizima.

Kisha kuna yale yasiyoonekana. Ualbino wa mijusi hawa hujificha. Wazazi wawili wa sura ya kawaida wakiwa wote wameubeba, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne ndiye atakayeuonyesha. Katika ndugu zake waliobaki, wawili kati ya kila watatu wanao ndani, na jicho halina njia ya kuwatambua. Tena nasaba za ualbino huo ni tatu, za Tremper, Bell na Rainwater, zilizopewa majina ya wafugaji wa Marekani. Ukimpandisha albino wa nasaba moja kwa albino wa nasaba nyingine, watoto hutoka na sura ya kawaida. Ndiyo maana chombo kikuu cha fundi huyu ni daftari: dume gani lilimpanda jike gani, yai lilitagwa lini, lilikaa kwenye joto gani. Anayedanganya humo huharibu kazi ya watu ambao hatawaona kamwe.

Daftari hilo lina kazi kubwa kuliko kuleta rangi. Wakati mmoja ilizuka rangi iliyoitwa Lemon Frost, ya manjano angavu juu ya ngozi nyeupe, na wengi wakaitamani. Baadaye mijusi hao wakaanza kuota uvimbe. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza kwamba zaidi ya asilimia 80 yao hupata saratani ya zile chembe za ngozi zinazoakisi mwanga, na kwamba jeni inayoshukiwa kuleta uzuri ndiyo inayoshukiwa kuleta ugonjwa. Waliweza kuifuatilia kwa sababu mfugaji alishirikiana nao, akawapa mijusi wenye nasaba inayojulikana. Hapo ndipo ninapompima fundi. Kuipata rangi huhitaji subira na bahati. Kuiacha, wakati wanunuzi wangali mlangoni, huhitaji utu.

Nasi tuna sababu yetu ya kujali. Katika msitu wa Kimboza, Morogoro, anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la samawati kali. Uzuri wake ulimponza: watu walikata mikadi anamoishi ili wamkamate na kumuuza ng'ambo, hadi mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi hao wanaotolewa porini ikapigwa marufuku. Rangi iliyolelewa nyumbani, kizazi baada ya kizazi, haiangushi hata mkadi mmoja.

Kwa hiyo, wewe unayetamani mjusi wa rangi adimu, usianze kwa kuuliza bei. Omba uonyeshwe daftari. Asipokuwa nalo, nenda zako, hata kama rangi imekupendeza namna gani.