Nani Alitoa Pasi?

Bao lina mashahidi wengi. Refa anapuliza filimbi, mshika kibendera anakimbia kurudi katikati, mtunza kumbukumbu anaandika jina na dakika, na wanafunzi wanavamia uwanja kabla mwalimu wa michezo hajawafukuza. Pasi iliyolizaa bao hilo haina karatasi. Sheria za soka hazimtambui aliyeitoa. Kwazo inatosha kwamba mpira wote umevuka mstari. Kwa hiyo ukitaka kujua nani alikuwa mchezeshaji bora wa shule za mkoa wako, huna kitabu cha kufungua. Nenda kijiweni ukabishane.

Singida mjini vijiwe vya aina hiyo havitafutwi. Kipo cha kahawa, kipo cha bodaboda, kipo cha mafundi viatu. Mada ya Simba na Yanga huanza mapema na kuchosha mapema, maana kila mmoja anajua mwenzake atasema nini. Mada inayodumu mpaka kahawa ipoe ni nyingine: katika vijana wote waliopita sekondari za mkoa huu, yupi alijua kuichezesha timu? Mmoja atamtaja wa Mwenge. Wa pili atamleta wa Lulumba, kule Kiomboi. Atakuja mtu wa Manyoni aseme nyote hamjui mpira. Majina ya vijana hao siyaandiki, kwani leo ni walimu, wakulima wa alizeti na madereva wa malori, na hawakuomba kuandikwa. Ninachotaka kukisifu ni ufundi wao, pamoja na ubishi unaoutunza.

Ufundi huo huanza kabla mpira haujafika. Ukitaka kumjua kiungo, usiangalie miguu, angalia shingo. Mpira ukiwa bado njiani kuja kwake, ameshageuka kulia, ameshageuka kushoto, ameshajua beki gani amelala na winga gani ameanza kukimbia. Mchezaji wa kawaida huutuliza mpira kwanza, kisha huinua kichwa kutafuta mtu. Fundi huutuliza ukiwa tayari umeelekea anakotaka kwenda, hivyo anayemkaba hujikuta amechelewa hatua moja bila kujua aliipotezea wapi.

Kisha kuna uzito wa pasi. Ikiwa laini mno beki anaiwahi. Ikiwa kali mno mshambuliaji anaikimbiza hadi kwenye migunga nyuma ya goli. Kuna pia suala la mguu. Winga anayetumia kushoto ukimpelekea mpira mguu wa kulia, umempa kazi ya kuuhamisha kwanza, na katika kuuhamisha nafasi inafungwa. Fundi anakumbuka mguu wa kila mwenzake. Anajua yule mrefu hapendi mpira wa kunyanyuka, na yule mwembamba akianza kukimbia harudi nyuma, kwa hiyo apelekewe mbele.

Gumu kuliko yote ni kungoja. Uwanja mzima unapiga kelele "toa, toa!" naye ameukanyaga mpira, anamtazama beki wa kati. Anangoja beki yule ashindwe kuvumilia, atoke kwenye nafasi yake kuja kumkaba. Akitoka tu, mpira unapita pale alipokuwa amesimama. Watazamaji watamshangilia mfungaji. Wachache watageuka kumtazama aliyebaki katikati ya uwanja, ambaye kwa wakati huo ameshaanza kurudi kwenye nafasi yake.

Singida imeuongezea ufundi huo mtihani wake. Mkoa umekaa wazi katika uwanda wa kati, na kiangazi upepo wake unajulikana nchi nzima. Si bure kwamba kwa miaka mingi wawekezaji wamekuwa wakija na mipango ya kuzalisha umeme kwa upepo huo. Msimu wa michezo ya shule unaangukia humo humo, kuelekea mwezi Juni. Mpira wa juu ukipigwa dhidi ya upepo unarudi. Ukipigwa kuufuata, unamalizikia shambani kwa mtu. Ukisema basi nitapitisha chini, unakutana na uwanja wa shule: vumbi, changarawe, na hapa na pale mgongo wa jiwe uliochomoza, maana mji huu na vijiji vyake vimejengwa kati ya mawe. Pasi ya chini inaruka ghafla futi moja kutoka ardhini. Kiungo aliyekulia hapa anajifunza kusoma ardhi. Anajua upande upi umeinama, wapi mpira hudunda vibaya, na kwamba kipindi cha kwanza akicheza na upepo mgongoni lazima apunguze nguvu ya kila pasi, kisha kipindi cha pili aanze kuhesabu upya. Wazee wa kijiweni hawashtuliwi na kanzu wala tobo. Wao huuliza: upepo ukimjia usoni, alikuwa anapitisha wapi?

Mtihani mwingine unaletwa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa jinsi ilivyopangwa. Inaanzia shuleni, inapanda wilayani, inafika mkoani, na huko huundwa timu moja ya mkoa kutoka shule mbalimbali kwenda kushindana kitaifa. Mshambuliaji akichaguliwa anabeba kasi yake na shuti lake kambini. Kipa anabeba mikono yake. Mchezeshaji anaacha nyuma karibu kila alichonacho, kwa sababu ujuzi wake ulikuwa kuwajua wenzake, na wenzake wamebaki shuleni. Kambini, kwa siku chache, inabidi ajifunze miguu mipya kumi. Wengi waliokuwa wafalme kwenye shule zao walipotelea hapo. Wachache walioweza kuwachezesha watu wasiowajua ndio ambao majina yao bado yanazua kelele.

Kwamba hayo yote yanaishi mdomoni tu si jambo la shule peke yake. Soka letu kubwa nalo lilitunzwa hivyo kwa muda mrefu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Sunday Manara wa Yanga, aliyepewa jina la Kompyuta miaka ya 1970 na baadaye akaenda kucheza Uholanzi katika klabu ya Heracles, alionwa na waliokuwa uwanjani tu. Nchi nzima iliyobaki ilimsikia redioni. Watangazaji wa Radio Tanzania kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walilazimika kuuchora uwanja kwa maneno ili mtu wa Iramba aone pasi asiyoiona. Bila shaka ndiyo sababu wazee wetu hodari wa ubishi wanasimulia pasi vizuri kuliko vijana wenye video kwenye simu. Walifundishwa na sauti. Video inakuonesha bao mara kumi. Msimulizi mzuri anaanza kwa beki aliyepokonya mpira.

Waliokuja baada ya televisheni nao hawajapona. Mtaje Clatous Chama popote Tanzania na utaletewa lile bao la kisigino dhidi ya Nkana, Desemba 2018, lililoipeleka Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, au lile la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita, Machi 2019, lililoipeleka robo fainali. Ni mabao ya kukumbukwa kweli. Lakini Mzambia huyu alipendwa kwa pasi, na pasi zake ni mamia ambayo hakuna awezaye kukuhesabia. Ukitaka kuharibu jioni ya watu, uliza siku ya Nkana ni nani aliyempelekea mpira ule. Mwaka 2025 alipojiunga na Singida Black Stars, timu ikatwaa Kombe la Kagame mwezi Septemba kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan, na kilichosemwa zaidi ni kwamba alifunga mabao yote mawili ya fainali. Hata fundi wa kutoa, ili akumbukwe, inambidi apokee.

Angalia pia msimu wa 2023/24. Orodha ya wafungaji wa Ligi Kuu iliongozwa na viungo wawili: Stephane Aziz Ki wa Yanga kwa mabao 21, na Feisal Salum wa Azam kwa mabao 19. Msimu ule tulihesabu mabao yao kila wiki kama bei ya vitunguu. Lakini waulize watu leo wawili hao walitengeneza mangapi kwa ajili ya wenzao, utapewa majibu matatu tofauti na watu wawili.

Ningedhani tatizo ni letu, watu wa soka, kama wenzetu wa mpira wa kikapu Marekani nao wasingekuwa nalo. Huko kuhesabu ni dini. Pasi inayozaa kikapu huandikwa rasmi. Jiji la New York, kwa miongo mingi, limebishania ni kijana gani wa sekondari aliyekuwa bora kati ya wale wanaopandisha mpira na kuigawa kazi kwa wenzao. Wapo wanaomtaja Pearl Washington wa Brooklyn, wapo wa Kenny Anderson wa shule ya Archbishop Molloy, wapo wa Stephon Marbury na Sebastian Telfair, wote wawili wa shule ya Lincoln. Lakini tazama namba zinazobebwa kwenye mabishano hayo: Anderson alimaliza shule mwaka 1989 na pointi 2,621, rekodi ya jimbo, Telfair akaivunja mwaka 2004 kwa pointi 2,785, mwaka 2009 Lance Stephenson, naye wa Lincoln, akafikisha 2,946. Wanabishania watoaji kwa kuhesabu walichofunga. Karani anaweza kuandika kwamba pasi ilitoka. Hawezi kuandika kwamba ilingojewa.

Ndiyo maana siudharau ubishi. Kijiwe kizuri kina taratibu zake, hata kama hazijaandikwa popote. Ya kwanza ni kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Ukisema "nilisikia kwamba", unaombwa unywe kahawa yako. Ya pili ni kwamba ushahidi wa mpinzani una uzito kuliko wa rafiki.

"Mzee, wewe huyo ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimkaba, mjukuu wangu. Dakika themanini."

Hapo hata mtu wa Manyoni hunyamaza kidogo.

Ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi, na sijaisikia kwenye uchambuzi wowote wa redioni: mpime mchezeshaji kwa waliomzunguka baada ya yeye kuondoka. Fuatilia yule mshambuliaji aliyefunga kila wiki akiwa naye. Kidato cha nne kilipoisha wakatawanyika, huyu Dodoma, huyu Tabora, je, mshambuliaji aliendelea kufunga? Kama alinyamaza ghafla, basi sasa tunajua mabao yale yalikuwa ya nani. Kipimo hicho hakihitaji kamera. Kinahitaji watu wanaokumbuka kwa muda mrefu na wanaofuatiliana maisha, na hao kijiwe kinao wa kutosha.

Kumbukumbu hizo zina pengo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliisimamisha michezo hii ya shule kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Ukikaa na watu wa rika lile unaona ubishi wao unavyopwaya. Wana mashujaa wa chandimu na wa timu za mtaa, lakini hawana mechi ya wilaya na wilaya ya kuwapimia, wala hawakuwahi kukutana na beki wa kigeni wa kuja kutoa ushahidi. Mshambuliaji hodari wa kizazi kile angeweza kuonwa popote, hata kwenye bonanza. Mchezeshaji alihitaji timu, ratiba na msimu ili aonekane, na vyote vitatu vilikuwa vimefungiwa. Naamini hao ndio tuliowapoteza wengi zaidi.

Uwanja mkubwa wa mkoa, ambao wengi bado wanauita Namfua, sasa unaitwa Liti, kwa jina la mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa aliwapiga Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Inafaa sana. Kuna kushinda kwa kupiga wewe mwenyewe, na kuna kushinda kwa kujua nani wa kumtuma, lini, na kupitia wapi.

Kuna mtu atasema dawa ni rahisi: mwalimu anayejaza fomu ya mechi aongeze safu moja, aandike na jina la aliyetoa pasi. Aandike, hakuna ubaya, hata karatasi haitaongezeka. Ila safu hiyo itamsaidia aliyegusa mpira mwisho kabla ya mfungaji, na mara nyingi pasi iliyovunja ukuta ilikuwa ya kabla ya hiyo. Bado tutahitaji mtu aliyesimama pembeni mwa uwanja akiwa anaangalia shingo.

Na kwa kuwa haiwezekani kusifu ubishi halafu ukaukimbia, nami nasema langu. Mchezeshaji bora niliyemwona katika shule za Singida si yule wa Mwenge wala yule wa Lulumba. Ni kijana wa shule ya kata ambayo haikuwahi kuvuka ngazi ya wilaya, aliyekuwa na washambuliaji wawili wasiojua hata kutuliza mpira, na bado kila mechi timu yake ilipata bao. Wale wawili walipohamia timu nyingine hawakufunga tena. Anayepinga aje, lakini asije na video. Aje na beki aliyemkaba mtu wake.