Mrithi na Deni: Battlestar Galactica Iliposimuliwa Upya

Mrithi hachagui. Akitwaa nyumba hutwaa na nyufa zake, na akitwaa shamba la marehemu hujiwa na wadai wa marehemu mlangoni. Kanuni hii, ijulikanayo na kila mtu katika mambo ya mali, husahauliwa upesi katika mambo ya hadithi. Mtungaji akiamua kusimulia upya hadithi ya zamani, aghalabu huulizwa amebadili nini na ameacha nini: majina, mavazi, silaha, mwisho. Ni maswali ya haki, lakini ni ya kizingitini tu. Swali la ndani ya nyumba ni hili: hadithi ya kwanza ilikopa nini kwa mtazamaji wake isirudishe, na je, mrithi amelipa?

Katika hadithi za kubuni za sayansi zilizopata kuonyeshwa na televisheni za Marekani, ni chache zifaazo kupimwa kwa swali hilo kuliko Battlestar Galactica. Iliundwa na Glen A. Larson, ikaanza kuonyeshwa na shirika la ABC tarehe 17 Septemba 1978, ikakatizwa mwaka uliofuata baada ya msimu mmoja. Mnamo Desemba 2003 ikafufuliwa na Ronald D. Moore na David Eick kwa filamu ya sehemu mbili, kisha ikaendelea kwa misimu minne hadi Machi 2009. Jina halikubadilika, wala mifupa ya kisa. Makoloni 12 ya wanadamu yaangamizwa kwa ghafula na adui aitwaye Cylon. Manowari moja ya angani, Galactica, yaponyoka. Nyuma yake vyafuata vyombo vya raia waliosalia. Na msafara wote watafuta kabila la 13, lililopotea zamani katika nchi iitwayo Dunia.

Mtu akiitazama leo ile ya 1978, la kwanza limshangazalo ni wepesi wa msiba. Karibu jamaa yote ya wanadamu imeteketea. Na kabla machozi hayajakauka, mashujaa wafikia katika sayari yenye nyumba kubwa ya kamari, ambamo watu hula, hunywa na kucheza. Baltar, msaliti aliyewauza wenzake, katika filamu iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema alikatwa kichwa. Katika televisheni alisamehewa na adui zake, kwa kuwa mfululizo wahitaji mwovu wa kila juma. Ilikuwa burudani ya Jumapili jioni, saa ambayo watoto walikuwa bado macho, na mizoga haikutakiwa sebuleni. Hapana haja ya kumlaumu Larson sana. Lakini deni ni deni: mtazamaji aliombwa aamini kwamba ulimwengu umekufa, kisha akanyimwa tanga.

Jambo la pili ni neno lake juu ya amani. Makoloni yanaangamia kwa sababu wazee wao wameukubali mkataba wa adui. Na hata baada ya maangamizi, mjumbe wa baraza asimama kutaka silaha ziwekwe chini, naye aonyeshwa kuwa mpumbavu na mpenda anasa. Kwa bahati ya ajabu, jioni ile ya kwanza maonyesho yalikatizwa ili watazamaji wamwone Rais Carter, pamoja na Sadat na Begin, wakitia saini mapatano ya Camp David. Kisha picha ikarudi, na amani ikaendelea kuwa mtego.

Hadithi mpya yaanza kwa kumhamisha adui. Cylon wa 1978 waliundwa na viumbe wa mbali, jamii ya watambaao. Wanadamu hawakuwa na mkono katika kuzaliwa kwao. Cylon wa 2003 ni kazi ya wanadamu wenyewe. Walikuwa watumishi, wakaasi, wakapigana, wakaondoka. Wakanyamaza miaka 40. Wakarudi wengine kati yao wakiwa na nyama, damu na machozi, hata mtu asiweze kuwatenga na binti yake. Badiliko hili moja lina uzito kuliko mengine yote, maana lamwondolea mwathiriwa usafi wake. Katika sherehe ya kuistaafisha manowari, Kamanda Adama aiweka kando hotuba aliyoiandika, auliza kama wanadamu wanastahili kuokoka. Saa chache baadaye mabomu yaanguka.

Sababu iliyoiponya Galactica nayo ni ya kufikiriwa. Ni chombo kikuukuu, chenye simu za waya, kilichokuwa kikigeuzwa jumba la makumbusho. Waziri wa elimu, Laura Roslin, alitaka kompyuta zake ziunganishwe kwa mtandao zipate kuwafaa walimu na wageni. Adama akakataa katakata. Manowari mpya zilizounganishwa zikazimwa na adui kama mishumaa. Ile ya makumbusho ikabaki, na ndege zake za maonyesho zikaruka. Ni vigumu kutoona hapo maneno ya watungaji juu ya kazi yao wenyewe. Kitu cha kale kiliwafaa kwa ule ukale wake. Hawakukipaka rangi kifanane na vipya. Walikitia mafuta kikapigana.

Tanga nalo likakaliwa. Roslin, wa 43 katika orodha ya urithi wa uongozi, aapishwa kuwa rais kwa kuwa waliomtangulia wote wamekufa, na tangu hapo ana ubao mweupe ulioandikwa hesabu ya watu walio hai. Katika sehemu iitwayo “33”, adui hutokea kila baada ya dakika 33, kwa siku tano na zaidi, na hakuna alalaye. Chombo kimoja cha raia kinaporudi baada ya kupotea, chashukiwa kuwa kimeingiliwa na adui, na marubani wa Galactica wanakiangamiza kwa amri. Mtazamaji haonyeshwi kwa hakika kama mlikuwa na watu ndani. Mwisho wa sehemu hiyo mtoto azaliwa katika msafara, na rais afuta tarakimu ya mwisho, aongeza moja. Kalamu ile juu ya ubao yafanya kazi ambayo msimu mzima wa 1978 haukuijaribu.

Lakini malipo yaonekana dhahiri zaidi pale ambapo kisa kimoja kimesimuliwa mara mbili, nacho ni kisa cha Cain. Mwaka 1978 Cain, aliyeigizwa na Lloyd Bridges, alikuwa kamanda wa manowari ya pili, Pegasus, iliyodhaniwa kuwa imepotea. Alikuwa mtu wa madaha, jasiri kupita kiasi, mwenye kugombana na Adama juu ya mbinu za vita. Mwishowe alijitupa peke yake juu ya adui akatoweka katika moto, na watazamaji wakabaki wakimpenda. Mwaka 2005 Pegasus ilirudi ikiwa na Cain mwanamke, ambaye Michelle Forbes alimwigiza kwa sauti ya chini na mgongo ulionyoka. Kwanza ni furaha: watu wakumbatiana, askari wapata wenzao. Kisha, kidogo kidogo, habari zavuja mezani kati ya vinywaji. Cain alimpiga risasi msaidizi wake kwa kukataa amri. Alikutana na vyombo vya raia, akavinyang’anya mitambo na watu waliofaa, akawaua jamaa za waliopinga, akawaacha waliosalia wafe angani. Na katika chumba cha chini amefungwa mateka wa Cylon, mwenye umbo la mwanamke, aliyepigwa na kunajisiwa kwa idhini ya wakubwa hata hawezi tena kuinua uso.

Picha za gereza la Abu Ghraib zilikuwa zimetangazwa Aprili 2004. Hakuna mtazamaji wa Marekani aliyehitaji kuambiwa. Uzuri wa sehemu hizi, hata hivyo, hauko katika kufananisha. Mafumbo ya namna hiyo ni rahisi, na tamthilia nyingi za miaka ile zilikuwa nayo. Uko katika kwamba Cain hakufanywa zimwi. Ana hoja, na hoja yake ni ile ile ya Cain wa 1978: vita hushindwa na wathubutuo. Watungaji wameichukua fahari ile ya zamani bila kuipunguza, wakaifuata hatua kwa hatua hadi katika chumba cha mateka. Mtazamaji mzee aliyempenda Cain wa kwanza alazimika kuulizwa alichokuwa akikipenda.

Msimu wa tatu, ulioanza Oktoba 2006, ulithubutu zaidi. Wanadamu wamekaa katika sayari mnyonge, Cylon wamewafikia na kuwatawala, na wanadamu wasiotaka kutawaliwa wanatega mabomu. Mmoja wao ajifunga baruti mwilini, aingia katika sherehe ya kuhitimu kwa polisi walioajiriwa na mtawala, ajilipua. Jeshi la Marekani lilikuwa Iraki wakati ule, na watazamaji wa Marekani walijikuta wamekaa upande wa mtega bomu. Swali lilibaki bila jibu, kama ilivyostahili.

Juu ya wanawake, machache yatosha. Mwaka 1978 wanawake walipewa ndege za vita pale tu marubani wanaume walipougua. Katika hadithi mpya Starbuck mwenyewe ni mwanamke, na Dirk Benedict, aliyekuwa Starbuck wa kwanza, aliandika makala ya kulalamika. Katee Sackhoff alimjibu kwa kuigiza vizuri. Richard Hatch, aliyekuwa Apollo, ambaye kwa miaka mingi alipigania hadithi ya zamani iendelezwe isigeuzwe, aliingia mwishowe katika ile mpya na kuigiza Tom Zarek, mfungwa wa siasa. Na ni katika nafasi hiyo alipoonyesha ustadi ambao ujana wake haukupewa.

Upande mwingine wa daftari hausomwi sana. Katika ile ya 1978 Kanali Tigh aliigizwa na Terry Carter, na rubani Boomer na Herbert Jefferson Jr., wote wawili Wamarekani weusi, wenye vyeo, wasiofanyiwa mzaha. Katika ile mpya Tigh ni Mzungu, na Boomer ni mwanamke mwenye asili ya Korea. Ni kweli Adama mwenyewe aliigizwa na Edward James Olmos, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, na hilo si dogo. Lakini afisa mweusi aliye karibu na kitovu cha kisa ni Dualla, naye ajipiga risasi katika msimu wa mwisho. Mrithi aliyelipa deni moja amekopa jingine.

Tarehe 17 Machi 2009 watungaji na waigizaji walialikwa katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumza juu ya vita, ugaidi na haki za binadamu. Siku tatu baadaye ikaonyeshwa sehemu ya mwisho.

Msafara wafika katika sayari yetu, miaka 150,000 iliyopita. Watu wapatao 38,000 washuka. Wakuta nyika pana, makundi ya wanyama, na kwa mbali wanadamu wawindaji, ambao wakubwa wa msafara huwatazama kwa darubini wakiwa wamejificha. Yasemwa kwamba wenyeji hao hawana lugha bado. Lee Adama ashauri kwamba mji usijengwe, vyombo vyote vipelekwe ndani ya jua, na wageni watawanyike, wawape wenyeji lililo bora katika nafsi zao bila silaha wala mashine. Shauri lakubaliwa bila ugomvi, na watu ambao kwa misimu minne waligombana juu ya maji, vyeo na kura! Kisha hadithi yaruka hadi New York ya leo, ambako gazeti latangaza kwamba mabaki yamegunduliwa ya yule ambaye wanasayansi humwita Hawa wa mitokondria, mama wa pamoja wa wanadamu wote walio hai, aliyeishi katika nchi iitwayo leo Tanzania. Ni Hera, mtoto wa mama Cylon na baba mwanadamu.

Wako waliousifu mwisho huu kwa kuwafanya maadui wawili kuwa wazazi wa kila mtu, na sifa hiyo ina msingi. Lakini elimu yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1987, haisemi kwamba mama huyo alikuwa peke yake wala wa kwanza. Yasema tu kwamba kati ya wanawake wengi wa wakati wake, ni ukoo wake wa kike usiokatika uliofika hadi leo. Nao watu wa aina yetu walikuwa wamekwisha kuishi Afrika muda mrefu kabla ya wakati huo. Kumtoa angani si sayansi, wala kisa hakikudai hivyo.

Kulitoka wapi, basi? Kulitoka 1978. Kila juma hadithi ya Larson ilifunguliwa kwa sauti ya msimulizi aliyedokeza kwamba huenda uhai wa hapa ulianzia kule angani, na kwamba wajenzi wa piramidi wana nasaba na wageni. Fikira hizo zilikuwa zimeenezwa na kitabu cha Erich von Däniken cha mwaka 1968, na maana yake ilikuwa kwamba Mmisri hakuweza kujenga jiwe juu ya jiwe bila kufundishwa. Hilo ndilo lililokuwa deni kubwa kuliko yote katika nyumba ya marehemu. Moore na wenzake waliuchunguza ushujaa wa zamani, vita vyake na furaha yake, wakavikagua vyote; wazo hili hawakulikagua, wakalifanya taji. Wageni wanaoleta lugha kwa wasio na lugha katika nyika za Afrika Mashariki ni kisa kilichokwisha kusimuliwa sana, na wasimulizi wake wa kwanza hawakuja kwa vyombo vya angani.

Mwaka ule ule wa 1978, huko Laetoli, kusini ya Olduvai, kikundi cha Mary Leakey kilikuwa kikifukua katika majivu ya volkano nyayo za waliotembea wima kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Watu wa nyika ile katika sehemu ya mwisho ya Galactica wavuka mbele ya darubini wakiwa na mikuki. Hawakupewa jina hata mmoja, wala neno la kusema.