Mshenga Chini ya Boneti

Lori kubwa haliombi upepo kwa jirani. Breki zake zinaendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, ufundi ambao George Westinghouse aliupatia hataza Marekani mwaka 1869 kwa ajili ya treni, kwa hiyo injini ikiwaka tangi linajaa, na honi inajichotea kidogo tu. Pikapu haina urithi huo. Breki za Hilux ni za mafuta, na upepo pekee iliozaliwa nao umo matairini. Mwenye pikapu akitamani mlio wa lori, hana budi kuifungia kompresa ndogo ya volti 12, tangi, swichi ya presha, vali ya umeme na tarumbeta zake.

Vyote hivyo huuzwa pamoja kwenye boksi moja, na mnunuzi hutoka dukani akiamini amenunua honi. Kwa kweli amenunua vyuma na plastiki. Honi itatoka mikononi mwa fundi waya, yule wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa gereji yoyote ya chini ya mwarobaini, ambaye hakumbukwi mpaka gari ligome kuwaka usiku. Fundi injini hupewa heshima na fundi rangi kazi yake hung'aa mbele za watu. Wa nyaya hufanya kazi akiwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje, testa mdomoni, na akimaliza anafunika kila kitu.

Kompresa ya namna hii inaweza kula ampea 20, na inapoanza kuzunguka hudai zaidi ya hapo kwa kitambo kidogo. Mzigo huo ukipitishwa kwenye kiswichi chembamba, kitaungua. Ndipo inapokuja rilei, kifaa ninachokistahi kuliko vyote chini ya boneti, maana kazi yake ni ya mshenga: hupeleka posa, haoi. Miguu yake ina namba, 30, 85, 86 na 87, kwa mujibu wa kanuni ya Kijerumani ya DIN 72552, na namba hizo ni zilezile ukinunua rilei Kariakoo, Mombasa au Lubumbashi. Ujumbe huingia kwa 85 na 86, umeme usiofika hata robo ya ampea. Umeme mzito hutoka betrini, ukaingia kwa 30 na kutokea 87 kwenda kwenye kompresa. Swichi ya presha ndiyo inayomtuma mshenga: tangi likishuka, tuseme, hadi psi 90, kompresa inaamka, likifika 120, inalala. Kitufe cha dereva hakijui lolote kuhusu hayo. Chenyewe hufungua vali tu, hewa ikasukuma kiwambo chembamba kikatetema, na urefu wa tarumbeta ukaamua kama mlio utakuwa mzito au mwembamba.

Fundi mzuri huchukua ule umeme wa ujumbe mahali panapokufa ufunguo ukizimwa. Asipofanya hivyo, tangi lenye kivujo kidogo litaiamsha kompresa usiku kucha, na asubuhi betri imekwisha.

Hesabu ya waya ndiyo inayomtenga fundi na muungaji. Mita 4 za waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, zikibeba ampea 20, hupoteza karibu volti 1.4, hizo ni wati 28 zinazogeuka joto ndani ya gari lenye mafuta na mazulia. Weka waya wa milimita 4 za mraba, hasara inashuka hadi theluthi ya volti. Mwenye gari ataona waya mnene ni gharama ya bure. Fundi atanyamaza, ataufunga.

Halafu kuna upande wa hasi, ambao wengi huudharau kwa sababu bodi nzima ni chuma. Lakini rangi haipitishi umeme. Huna budi kukwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, ukaze nati, kisha upake grisi, hasa hapa pwani ambako chumvi ya bahari hula kila kilichoachwa wazi. Tundu la kupitisha waya kwenye bati nalo linadai pete ya mpira, la sivyo mtikisiko wa dizeli utalisaga ganda la waya taratibu. Juu ya maungio mafundi hubishana: wapo wanaochomea risasi, wapo wanaobana vichwa vya waya kwa koleo. Mimi niko na wabanaji. Waya uliochomewa huwa mgumu, na kwenye gari linalotikisika hukatikia pale risasi inapoishia.

Mlio wenyewe siusifii. Kuupiga karibu na wodi ya hospitali ni ukorofi, na sheria iko upande wa wagonjwa. Ninachosifu ni adabu ya kukifanya kitu kisicho cha lazima kana kwamba maisha ya mtu yanakitegemea. Na kweli yanakitegemea, kwa kuwa waya mnene utokao betrini, ukipiga shoti bila fyuzi, unachoma gari.

Basi ukipeleka pikapu yako, usimuulize fundi honi italia kwa nguvu kiasi gani. Muulize fyuzi ataiweka wapi. Akikuonyesha sehemu isiyozidi shubiri moja kutoka betrini, mwachie ufunguo ukanywe chai. Akisema ataitafutia nafasi chini ya dashibodi, geuza gari. Na honi ikishafungwa, kila baada ya muda fungua koki iliyo chini ya tangi umwage maji. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na tangi huozea ndani.