Tarakimu Inapokatwa Kimyakimya

Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019 ili mchimbaji mdogo auzie mzigo wake mahali pa wazi, kwa mizani na kwa risiti. Ndani ya mizani ya dijitali mna programu ndogo, aghalabu ya lugha ya C, na ndani ya programu hiyo mna mstari unaogeuza namba kuwa tarakimu za kusomeka. Mstari huo ndio tunaouchambua leo, kwa mfano wa kubuni.

Mtu anaandika programu ya mizani isiyozidi gramu 500. Ili kukwepa desimali, anatunza uzito kwa sehemu za mia za gramu: gramu 123.45 ni 12345. Anatenga bafa (nafasi ya kumbukumbu) ya baiti 6, tano za tarakimu na moja ya sifuri inayofunga maandishi, kisha anaita sprintf, amri ya C inayogeuza namba kuwa maandishi. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Baadaye programu ileile inapachikwa kwenye mizani ya kilo 2, na mteja anaweka mkuo wa gramu 1,234.56. Tarakimu sasa ni sita. sprintf haijui nafasi iliyopo. Inaandika baiti 7, na ya mwisho inaangukia kumbukumbu ya jirani, pengine namba ya risiti.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, ulipenya kwenye kompyuta za intaneti kwa kutumia, pamoja na mbinu nyingine, amri ya gets, inayopokea maandishi bila kuuliza ukubwa wa bafa. Kiwango cha C cha 2011 kiliiondoa. Kwa sprintf, kiwango cha 1999 kilikuwa kimeshaleta snprintf, ambayo huambiwa ukubwa wa bafa na haiuvuki.

Wengi huishia hapo, nami sikubaliani nao. Weka snprintf bila kingine, na mizani yetu itaandika 12345. Mkuo wa kilo moja na ushee utasomeka gramu 123.45. Kumbukumbu imesalimika, mchimbaji ameibiwa, na hakuna taa iliyowaka.

Usalama umo kwenye jibu ambalo snprintf hurudisha: idadi ya herufi ambazo zingeandikwa kama nafasi ingetosha, bila kuhesabu sifuri ya kufunga. Hapa ni 6. Jibu likiwa hasi, au likifikia ukubwa wa bafa, mizani ionyeshe kosa na isichapishe risiti.

Waandishi wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, waliifikia hoja hii kwa mzunguko mrefu, kwenye amri za kunakili maandishi. strncpy iliweza kuacha maandishi bila sifuri ya kufunga. strlcpy, iliyotoka kwenye mfumo wa OpenBSD mwaka 1998, ilifunga vizuri, lakini ilisoma chanzo chote hata kama hakina mwisho. Mwaka 2015 ikaja strscpy: maandishi yakikatwa, inarudisha kosa waziwazi. strlcpy ikaondolewa kwenye kerneli katika toleo la 6.8, mwaka 2024.

Kompaila ya GCC, tangu toleo la 7, ina onyo la -Wformat-truncation, linalotaja mahali ambapo snprintf inaweza kukata maandishi. Liwashe. Na wewe unayetengeneza au kukagua mizani za dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, usiridhike na jiwe la gramu 100: pima gramu 999.99, kisha 1,000.00, usome kioo na risiti yenyewe.