Kibanda Kisicho na Dawa

Kabla ya kuuliza kama chandarua chenye dawa kinaua mbu, wajenzi wa vibanda vya majaribio huanza na sisimizi. Mbu aliyeanguka sakafuni usiku ni kitoweo cha bure. Alfajiri sisimizi wameshamkokota, na anayeingia kuhesabu akakuta shuka jeupe halina kitu ataandika sifuri, na sifuri hiyo itakuwa ya uongo. Ndiyo maana kila kibanda hukaa juu ya jukwaa la saruji lililozungukwa na mfereji mwembamba wa maji, mithili ya ngome. Nimeanza na mfereji huo kwa kuwa unaonyesha tabia ya kazi yenyewe: hujibu swali mpaka uwe umeziba kila tundu ambalo jibu la uongo linaweza kupitia.

Vibanda vya namna hii viko Muheza, mkoani Tanga, na vingine viko bonde la Kilombero, jirani na Ifakara, ambako utafiti wa magonjwa una mizizi tangu miaka ya 1950. Mpita njia atadhani ni kambi ya vibarua: vyumba vidogo vilivyopangwa mstari, kila kimoja na mlango wake na vibaraza vyake. Sijui mahali pengine ambapo njia ya kisayansi inaonekana kwa macho kiasi hiki, imejengwa kwa tofali, wavu na saruji, unaweza kuigusa kwa mkono.

Ufundi wa kuuliza swali kwa kujenga nyumba haukuanzia kwetu. Mwaka 1900 nchini Kuba, daktari wa jeshi la Marekani Walter Reed na wenzake walitaka kujua homa ya manjano inaambukizwa na nini. Wengi, madaktari wakiwamo, waliamini kwamba inatoka kwenye nguo na matandiko ya wagonjwa. Daktari mmoja wa Havana, Carlos Finlay, alikuwa ameshasema tangu 1881 kwamba ni mbu. Alikuwa sahihi, na kwa karibu miaka 20 hakuna aliyelazimika kumwamini, kwa sababu watu aliowajaribu kwa mbu wake waliishi katika mazingira yale yale yenye ugonjwa. Akiugua mmoja wao, nani ataapa kwamba ni mbu yule, si shuka, si jirani, si maji? Finlay alikuwa na nadharia tete nzuri. Alichokosa ni nyumba.

Reed alijenga mbili. Ya kwanza ilizibwa ili hewa isipite, ikawekwa jiko ili joto lisipungue, kisha yakaletwa matandiko na nguo zilizochafuliwa na wagonjwa wa homa ya manjano, matapishi na yote. Wanaume watatu waliingia, wakayakung'uta, wakayatandika, wakalala humo usiku 20 mfululizo. Walipotoka wakapokewa na wengine. Hakuna hata mmoja aliyepata homa ya manjano. Hapa ndipo ninapomvulia Reed kofia: wazo ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kulitilia shaka alilijengea nyumba yake, akalipa joto, uchafu na muda, kila kitu ambacho watetezi wake wangekiomba. Liliposhindwa, hawakubaki na kisingizio.

Ya pili ilikuwa safi, inapitisha hewa, na matandiko yake hayakuwa na maambukizo. Katikati ilikatwa na wavu wa waya. Upande mmoja waliachiwa mbu waliokuwa wameshawanyonya wagonjwa. Tarehe 21 Desemba 1900 kijana aliyejitolea, John Moran, aliingia upande huo, akajilaza, akaumwa na mbu. Ng'ambo ya wavu walikuwapo wenzake wakivuta hewa ile ile, chini ya paa lile lile. Siku ya Krismasi Moran aliugua. Wenzake hawakuugua.

Wavu ule ndio jaribio lenyewe. Uondoe, utabaki na habari ya kijana aliyelala chumbani akaugua, na habari za namna hiyo zilikuwa zimesimuliwa Havana miaka nenda rudi bila kumsadikisha mtu. (Moran alipona. Waliojitolea walitia saini karatasi za kukubali, jambo geni kwa wakati ule, lakini leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeliruhusu jaribio lile, na ni vizuri hivyo.)

Huku kwetu swali lilikuwa jingine. Ilikwishajulikana kwamba malaria huletwa na mbu. Iliyotafutwa ni dawa ya kumzuia. Mbu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, huingia nyumbani usiku kupitia upenyo ulio kati ya ukuta na paa, hunyonya, hupumzika, kisha hutoka. Mbu aliyekufa utamwokota. Aliyekerwa na dawa akatoka bila kuuma humwoni kabisa, na huenda yeye ndiye habari kubwa. Miaka ya 1960 mtafiti A. Smith, aliyefanya kazi kaskazini mwa Tanzania, alitengeneza kibanda chenye vibaraza chini ya upenu pande zote nne. Viwili alivifunga kwa wavu, viwili akaviacha wazi. Mbu huingia kupitia pande zilizo wazi. Wakati wa kutoka, baadhi hunaswa kwenye vibaraza vilivyofungwa, baadhi hupotelea nje. Njia za kutokea zikiwa sawa, walionaswa vibarazani huzidishwa kwa mbili kufidia waliopotea, na pande hubadilishwa zamu isije ikawa upepo unawapeleka mbu upande mmoja. Hesabu hiyo ina makisio ndani yake, na mafundi waliofuata hawakuridhika nayo. Waliweka vizuizi kwenye upenyo ili mbu anayeingia asiweze kurudi alikotokea, wakaacha kuzidisha.

Sasa mtu. Mbu hawafuati chandarua, hufuata binadamu, kwa hiyo katika kila kibanda hulala mtu mzima aliyekubali kwa hiari yake, anayechunguzwa malaria na kutibiwa akionekana nayo. Na binadamu hatulingani. Kila familia inamjua yule ambaye mbu huwaruka wote wakamwendea yeye. Wenyewe husema ana damu tamu, ila kinachowavuta zaidi ni harufu ya mwili na pumzi. Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi Burkina Faso walichapisha matokeo kwamba mtu aliyekunywa pombe ya mtama aliwavutia Anopheles gambiae zaidi kuliko alivyowavutia kabla ya kunywa. Basi walalaji wa vibandani hukatazwa pombe, sigara na manukato.

Lakini huwezi kumkataza mtu harufu yake ya kuzaliwa. Hapo ufundi unafikia mahali ninapopapenda kuliko pote. Chukua vibanda sita, vyandarua vya aina sita na walalaji sita. Kila usiku walalaji huhama kibanda. Kila wiki vyandarua navyo huhama. Usiku sita ni wa kazi. Siku ya saba ni ya kufua mashuka, kupiga deki na kuacha milango wazi ili dawa ya chandarua kinachoondoka isibaki ikimsubiri mgeni wake. Baada ya wiki sita, kila mlalaji amelala katika kila kibanda chini ya kila chandarua, michanganyiko 216, kila mmoja mara moja tu. Mwenye damu tamu hajafukuzwa kazi, amegawanywa sawasawa. Kibanda kilicho karibu na majaruba ya mpunga, kinachopata mbu wengi kuliko vingine, nacho kimegawanywa. Wanahisabati wanao mpango huu tangu zamani na wanauita mraba wa Kilatini, ila mimi nikiutazama naona watu wazima sita wakibeba mito yao jioni kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Vyandarua vyenyewe hutobolewa makusudi, matundu sita yenye sentimita 4 kwa 4. Chandarua kizima kikichomekwa vizuri huzuia mbu hata bila dawa, na hapa kinachopimwa ni dawa. Vingine hufuliwa mara 20 kwanza, kwa kuwa nyumbani vitafuliwa. Vyote hupewa alama ili anayekusanya mbu asijue kipi ni kipi, maana jicho linalotarajia kuona maiti huziona.

Kati ya vile sita, kimoja hakina dawa. Kina kitambaa cha namna ile ile, matundu yale yale, zamu zile zile. Ukikitazama kwa haraka utaona ni usiku na mbu wanaopotezwa bure. Lakini hesabu yote inaegemea hapo. Tuseme, kwa mfano tu, kibanda chenye dawa kiliingiwa na mbu 40 wakafa 30. Mwenye haraka atatangaza kwamba dawa inaua robo tatu ya mbu. Nenda sasa kwenye kibanda kisicho na dawa: usiku ule waliingia 100, wakafa 5. Kumbe dawa imewafukuza 60 mlangoni, na kati ya mbu 100 ambao wangeingia, vifo ilivyoongeza ni 25. Aliyelala ndani amepata kinga nzuri. Wale 60 wako hai, na jirani asiye na chandarua atakutana nao. Bila kibanda kile cha sita, habari ya jirani isingejulikana.

Asubuhi wakusanyaji huingia na mirija ya kuvutia mbu. Huokota waliokufa shukani, huvuta walio hai ukutani, ndani ya chandarua na vibarazani, kila mahali na kikombe chake. Mwenye damu hutambulika kwa tumbo, jekundu au limeshaanza kuwa jeusi. Walio hai hupewa pamba yenye maji ya sukari, wakasubiriwa saa 24, kwa sababu dawa nyingine huua polepole. Zipo zinazohitaji hadi saa 72. Na hapa tena kibanda kisicho na dawa kina la kusema. Mbu wake wakifa vikombeni, hawakufa kwa dawa. Wamefinywa na mrija, wameunguzwa na jua, au wameshikwa vibaya na mtu mwenye usingizi. Wakifa wachache, tangu 1925 ipo kanuni ya W. S. Abbott ya kuwatoa kwenye hesabu. Wakizidi kiwango kilichowekwa, jaribio linatupwa. Sijui ofisi nyingi zinazotupa kazi ya usiku kucha kwa sababu kipimo kimewaambia kwamba mikono yao wenyewe ilikuwa mizito.

Mwaka 1987 Jo Lines, J. Myamba na Chris Curtis walichapisha majaribio ya vibanda yaliyofanywa Tanzania kwa vyandarua vilivyotiwa dawa ya permethrin. Yalionyesha kwamba hata chandarua kilichotobolewa, kikitiwa dawa, humkinga aliyelala. Kibanda hakiwezi kusema zaidi ya hapo. Hakijui kama watoto watakufa wachache. Kwa swali hilo panahitajika vijiji. Pwani ya Kenya, Kilifi, baadhi ya maeneo yalipewa vyandarua vyenye dawa kwa kura na mengine yakasubiri, na matokeo yaliyochapishwa 1996 yalionyesha vifo vya watoto wadogo vimepungua kwa asilimia 33 na waliolazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Maeneo yaliyosubiri yalifanya kazi ile ile ya kibanda cha sita.

Kidato cha Kwanza wanafunzi wetu hukariri hatua za njia ya kisayansi kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine, wakazijibu kwenye mtihani na kuzisahau. Walimu mlio Muheza na Ifakara, mna kitu ambacho shule nyingi duniani hazina. Ombeni ruhusa kwa wenye vibanda, wapelekeni watoto asubuhi mashuka yakiwa bado hayajakunjwa, na msiwaambie kipi hakina dawa. Wapeni vikombe, waacheni wakitafute wenyewe.