Tabianchi Isiyo na Bahari: Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Bahari

Makusudi ya makala haya ni kuhakiki maneno yanayotumika kwa Kiswahili kila inapotajwa kazi ya kuzipima bahari za dunia kwa ajili ya kuelewa mwenendo wa mvua, joto na ukame. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza kwa nini jambo hili lishughulikiwe na watu wa istilahi, badala ya kuachiwa wataalamu wa bahari. Jibu letu ni fupi. Taarifa ya mwelekeo wa mvua haiandikwi kwa ajili ya mabaharia peke yao. Humfikia pia mkulima wa mpunga aishiye Nyasubi, mjini Kahama, mamia ya kilomita kutoka pwani, ambaye hana budi kuamua kama atatengeneza majaruba yake mapema au atatanguliza mtama. Humfikia mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita, ambaye mvua nyingi kwake ni maji ndani ya duara na hatari ya kufukiwa. Watu hawa wawili hawaoni bahari. Wanachopewa ni maneno tu, na maneno yakiwa mabovu hawana njia nyingine ya kuyasahihisha.

1. Kinachopimwa

Kabla ya kuyahukumu maneno, yafaa tuvieleze vitu vyenyewe. Bahari imefunika takriban asilimia 71 ya uso wa dunia, na zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesijoto huhifadhiwa humo. Kwa hiyo anayetaka kujua dunia inapata joto kiasi gani hana budi kupima maji kabla hajapima hewa. Kazi hiyo hufanywa kwa vyombo vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni vyombo vilivyofungwa kwa nanga sakafuni mwa bahari. Katika Bahari ya Hindi upo mtandao wa RAMA, ulioanza kujengwa mwaka 2004 kwa ajili ya kuchunguza pepo za msimu na mvua zake. Namna ya pili ni vyombo vinavyochukuliwa na mkondo juu ya maji. Kila kimoja huning'iniza mfuko mrefu wa kitambaa kwenye kina cha mita 15, ili kifuate maji badala ya kusukumwa na upepo. Mtandao wa vyombo hivyo ulitimiza 1,250 mwaka 2005. Namna ya tatu ni vyombo vya mpango wa Argo, ambavyo vya kwanza vilitiwa majini mwaka 1999. Vilitimia 3,000 mwezi Novemba 2007, na sasa vinakaribia 4,000.

Chombo cha Argo ni silinda ndefu inayoweza kubebwa na watu wawili. Huzama hadi kina cha mita 1,000, kikachukuliwa na mkondo huko kwa muda wa siku tisa hivi, kisha kikashuka hadi mita 2,000 na kuanza kupanda, huku kikipima halijoto na kiasi cha chumvi njiani. Kikifika juu huyapeleka matokeo kwa setilaiti, kikazama tena. Safari nzima huchukua takriban siku kumi. Kupanda na kushuka kwake ni kwa hila nyepesi: pampu husukuma mafuta kwenye mfuko ulio nje ya silinda, chombo kikaongezeka ukubwa bila kuongezeka uzito, kikaelea, mafuta yakirudishwa ndani, kikazama. Mwalimu anayetaka mfano aliozoea mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa amtajie kibofu cha hewa cha samaki.

2. Tabianchi

Neno la kwanza tunalolihakiki ndilo lililoenea kuliko yote. Kulitetea si vigumu. Ni fupi, limeungwa kwa maneno ya Kiswahili matupu, na limekwisha kuingia katika sheria, sera na vitabu vya shule. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Nchi, katika sikio la msomaji wa leo, ama ni taifa ama ni ardhi. Ndiyo maana twasema "nchi kavu" tunapotaka kuitofautisha na bahari. Kwa hiyo neno lililokusudiwa kueleza mwenendo wa dunia nzima limeanza kwa kuiacha nje sehemu iliyo kubwa kuliko zote.

Matokeo ya kasoro hiyo yanaonekana. Katika mafunzo mengi ya tabianchi, mfano unaotangulia ni mti uliokatwa na shoka lililoukata. Mfano huo si wa uongo. Mkoa wa Shinyanga unajua kuliko mingi thamani ya mti, kwani mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulianzishwa mwaka 1986 kuirudishia uhai ardhi iliyokuwa ikigeuka jangwa. Nao ulifanya hivyo kwa kufufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa ili mifugo ipate nyasi wakati wa kiangazi. Lakini mkazi wa Nyasubi aliyefundishwa ardhi peke yake atakuwa na jambo lisiloelezeka mbele yake. Mwaka mmoja mvua ni gharika, mwaka mwingine ni haba, na miti iliyopo ni ileile. Nani amemwambia kwamba sababu mojawapo kubwa iko majini, kati ya pwani yetu na kisiwa cha Sumatra?

Hatupendekezi kulifuta neno tabianchi. Neno lililokwisha kukaa vinywani haliondolewi kwa waraka. Tunalodai ni mambo mawili. Kwanza, kila kamusi na kila kitabu kinacholifafanua kitaje bahari katika sentensi ya kwanza ya fasili. Pili, lisichanganywe na hali ya hewa. Mvua ya mawe iliyokiangukia kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mapema Machi 2015 na kuua watu zaidi ya 40 ilikuwa hali ya hewa ya usiku mmoja, wala hakuna chombo kilichokuwa baharini ambacho kingeitabiri miezi kabla. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi. Mfasiri anayeandika "mabadiliko ya hali ya hewa" kwa maana ya mwenendo huo anamfanya msomaji adai kwa sayansi ya bahari jambo isilolitoa, na kuidharau kwa lile inaloliweza.

3. Kuelea, kuzama na kuchukuliwa

Kosa la pili ni la kitenzi. Katika tafsiri nyingi vyombo vyote vitatu tulivyovieleza huitwa "maboya yanayoelea". Maelezo hayo hayatofautishi lolote. Boya gani lisiloelea? Tena boya, kwa mazoea ya bandari zetu, ni kitu kilichofungwa mahali pamoja ili kuonyesha njia au nanga. Lingechukuliwa na maji, lingekuwa limepotea. Chombo cha Argo nacho ni ajabu zaidi kukiita kinachoelea, maana sehemu kubwa ya maisha yake hakionekani juu ya maji. Wako wanaokiita "roboti ya bahari", lakini hilo halielezi kazi yake, na humpa msomaji taswira ya mtambo wenye miguu na mikono.

Kiswahili hakikukosa maneno. Linalo boya kwa kilichofungwa. Lipo chelezo, neno la wavuvi kwa kitu chepesi kinachobaki juu ya maji, na hili lafaa kwa kile kinachofuata mkondo wa juu. Kwa cha Argo tunapendekeza chelezo mbizi, kwa sababu hupiga mbizi na kuibuka kwa mpango, tena na tena. Jina Argo lenyewe lisifasiriwe. Ni la jahazi la ngano za Kiyunani, na majina hayafasiriwi.

Tunatazamia pingamizi. Patasemwa kwamba chelezo ni neno la pwani ambalo watu wa bara hawalijui. Pingamizi hilo lina uzito, ila halitoshi. Wavuvi wa Ziwa Victoria, pamoja na wale wa Geita na Chato, huning'iniza nyavu kwa vitu vyepesi vinavyoelea; kitu wanacho, jina litajifunzwa. Ngitili lilikuwa neno la Kisukuma tu, na leo mtumishi wa misitu wa Dar es Salaam hulitumia bila kulieleza. Ikiwa pwani iliweza kujifunza neno moja la Shinyanga, Shinyanga itaweza kujifunza moja la pwani.

4. Chanya, hasi na elnino

Hapa ndipo palipo na hatari kubwa kuliko pote. Mwaka 1999 wataalamu waliueleza mwenendo wa Bahari ya Hindi ambao joto lake huelemea mara upande wa magharibi, yaani kwetu, mara upande wa mashariki. Upande wetu ukipata joto kuliko kawaida, mvua za miezi ya mwisho wa mwaka huongezeka Afrika Mashariki, na Indonesia na Australia hukauka. Ukipoa, huwa kinyume. Taarifa nyingi hulitaja jambo hili kwa jina la kigeni, kisha hulitia sifa ya chanya au hasi.

Msomaji wa kawaida ataelewaje? Chanya kwake ni heri, hasi ni shari. Lakini mwaka 2019 hali ilikuwa "chanya" sana, na Afrika Mashariki ikapata mafuriko. Mwaka 2022 ilikuwa "hasi", na sehemu kubwa za kanda zikakosa mvua. Mchimbaji aliyesikia "chanya" akaiacha pampu yake bila matengenezo amefuata Kiswahili sahihi, na Kiswahili hicho kimemponza.

Tunapendekeza mizani ya joto ya Bahari ya Hindi. Hakuna mtu aliyewahi kuuza pamba au dhahabu asiyeijua mizani. Taarifa iseme: "mizani imeelemea magharibi" au "imeelemea mashariki". Anayesikia "magharibi" ajue kwamba uzito umekuja upande wetu, na mvua nyingi zatarajiwa.

Neno elnino nalo limepotoka. Tangu mvua za 1997 na 1998, watu wengi hulitumia kwa gharika yoyote. Kwa asili ni kupata joto kwa Bahari ya Pasifiki ya ikweta. Mwaka 1997 joto hilo na kuelemea kwa mizani yetu vilitokea pamoja. Mwaka 2019 mizani ilielemea magharibi bila elnino yenye nguvu. Anayengoja kutangaziwa elnino ndipo ajihadhari, miaka mingine atachelewa.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawawekea wafasiri, walimu na watumishi wa umma orodha ifuatayo:

Boya: chombo cha kupimia kilichofungwa kwa nanga.
Chelezo: chombo cha kupimia kinachochukuliwa na mkondo juu ya maji.
Chelezo mbizi: chombo cha kupimia kinachozama na kuibuka chenyewe.
Halijoto: kipimo cha joto kwa digrii. Joto libaki kwa kile kinachohifadhiwa baharini.
Mizani ya joto: mwelemeo wa joto la Bahari ya Hindi, magharibi au mashariki.

Kiasi cha chumvi hatukukipa jina jipya, kwani maneno hayo matatu yanatosha, na si kila dhana inadai istilahi. Wasomaji walio na maneno yafaayo zaidi, hasa kutoka kwa wavuvi wa bahari na wa maziwa, tunawaomba wayalete yapimwe. Kigezo chetu kiwe kimoja: neno lisomwe kwa sauti mbele ya mkulima wa Nyasubi, naye aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakalofanya kesho yake shambani. Akieleza sivyo, tatizo ni la neno, si lake.